Mzee Nyongesa na Ndoo ya Vifuniko

Pipeline, kule Embakasi, magorofa yamebanana hivi kwamba jua likitaka kufika chini ni lazima lipige hodi kwanza. Mama wa gorofa ya sita akiishiwa na chumvi hashuki dukani. Hunyoosha mkono dirishani, jirani wa ploti ya pili akamwekea kidogo kiganjani, kisha akauliza kama mboga imeiva. Kuna watu husema huo ni uongo. Waende wakaone.

Katikati ya msitu huo wa mawe kuna shule ya msingi yenye lango la chuma la buluu. Ndani ya lango, mkono wa kushoto, kuna kijumba cha mabati, na humo ndimo alimoishi Mzee Nyongesa, soja wa shule, yaani mlinzi wa lango. Alikuja Nairobi akiwa kijana, kutoka Kimilili, na koti la kuazima mgongoni. Akabeba magunia kwenye maghala mpaka mgongo ukakataa, ndipo akapewa rungu, kofia na ufunguo. Rungu hakuwahi kumpiga nalo mtu. Kofia alimgawia kuku wa mwalimu wa chekechea, naye kuku akaatamia mayai ndani yake. Ufunguo ndio aliouheshimu. Aliuvaa shingoni kama rozari, hata akioga.

Watoto walimwita Kuka, ambalo kwa Kibukusu ni babu. Alianza mtoto mmoja wa kwao, wengine wakafuata, Wakamba kwa Wasomali, hata mwalimu mmoja mgeni akadhani Kuka ndilo jina lake la ubatizo.

Lango hilo lilikuwa na sheria yake: mtoto asiingie kabla ya mwalimu wa zamu kufika. Ilitoka juu, kwa wakubwa wa elimu, na ilikuwa na sababu. Mahali fulani mtoto aliumia uwanjani asubuhi, na ilipoulizwa ni nani aliyekuwa akimwangalia, kila mtu mzima akainama kutazama viatu vyake. Basi ikaamriwa kwamba pasipo mwalimu pasiwe na mtoto. Na mwalimu wa zamu alifika jua likiwa limeshachungulia.

Lakini Pipeline haimngoji mwalimu. Mama wa viwandani huondoka giza lingalipo, kwa miguu, maana akichelewa msimamizi humrudisha nyumbani na kibarua kinapewa mwingine. Hawezi kumwacha mtoto peke yake chumbani na jiko. Humshika mkono, akamfikisha langoni, akamvuta soksi, akamwambia, "Simama hapo kwa Kuka, usiende barabarani," kisha akakimbia. Kwa hiyo kila alfajiri lango lilikuwa na watoto nje na mzee ndani, na baina yao vyuma. Nyuma ya watoto ilipita barabara, na kwenye barabara hiyo, saa hiyo hiyo, yalipita mabauza, yale malori ya maji, maana bila mabauza Pipeline yote ingekunywa mate.

Mzee Nyongesa alipofikiria namna ya kuwaweka watoto mbali na magurudumu bila kufungua, hakupata ila mdomo wake. Akawa anawapigia hadithi kupitia vyuma. Mtoto akitaka kusikia hadithi ya mtu anayenong'ona, sharti alibane lango, na akilibana lango yuko mbali na barabara. Hivyo alinong'ona kwa makusudi.

Hadithi iliyopendwa ilikuwa ya panya wa gorofa ya nane. Panya huyo alinenepa kwa chapati za watu hata landilodi akamwambia, wewe sasa si panya, wewe ni mpangaji, leta kodi. Panya akavaa tai, akaenda kutafuta kazi kiwandani. Akaandikwa kukata nyuzi kwa meno. Kila siku hadithi ilifika mahali pazuri, mwalimu wa zamu akatokea, ufunguo ukaingia, na watoto wakaingia huku wakilia, "Kuka, na alilipa? Alilipa kodi?"

"Kesho," Mzee alisema. "Panya mwenyewe hajui bado."

Aliyeuliza kwa sauti kuu kuliko wote alikuwa Triza, binti ya Everline. Everline alikuwa fundi wa nguo kiwandani, mwembamba, mwenye mdomo usiolala. Mama mwingine aliyemleta mtoto mapema kama yeye ni Shamso, ambaye alishika njia ya Eastleigh kununua mashuka na pazia kwa bei ya jumla kabla ya wachuuzi wengine kuamka. Mwanawe ni Nuradin. Mama hao wawili walijuana kwa kukimbia tu. Salamu zao zilikuwa za mgongoni.

Asubuhi moja ilinyesha mvua kubwa sana. Watu wanasema siku hiyo samaki walionekana wakivuka stegi ya matatu, lakini hiyo tuiache. Watoto walijikunyata langoni, na bauza likarudi nyuma, dereva haoni kitu. Triza alikuwa ameinama kuokota kiatu. Mzee alipiga kelele, mvua ikaimeza. Akapenyeza mkono kwenye vyuma, akamshika mtoto ukosi, akamvuta hadi shavu lake likabandikwa kwenye chuma. Gurudumu lilipita juu ya begi lililomponyoka. Kulikuwa na chungwa ndani ya begi.

Kisha Mzee Nyongesa akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Akafungua. Watoto wote wakaingia, wakajaa kijumba cha mabati, wakajaa chini ya paa la darasa la kwanza, wakitoa mvuke kama sufuria.

Mwalimu mkuu, Wanyoike, alipofika akasimama na mwavuli wake, akatazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wakubwa.

"Mzee, ni nani amefungua?"

"Mimi, mwalimu."

"Na ni nani alikuwa zamu?"

"Mvua."

Wanyoike hakucheka. Akamwambia taratibu, ili watoto wasisikie, kwamba halmashauri ya shule imeshalalamika kuhusu lango, kwamba sheria haikutungwa na yeye, na kwamba likitokea tena, hatakuwa na la kuwaambia. Soja mpya atakuja, na kijumba ni cha soja. Mzee aliitika, ndiyo mwalimu. Alishika ufunguo kifuani akahisi umekuwa mzito kama jembe.

Jioni hiyo Everline alikuja na begi lililolaliwa na gurudumu. Hakulia. Mtu wa mdomo akinyamaza ndiyo uogope.

"Mzee," alisema hatimaye, "mimi nitaandika."

"Utaandika nini?"

"Ombi. Wananchi wakiandika ombi, kuna kamati mjini lazima iwasikize. Nimeuliza. Tunataka malango ya shule yafunguliwe alfajiri, na serikali iweke mtu mzima wa kukaa na watoto mpaka kengele. Si shule hii tu. Zote."

Akaandika kwenye simu wakati wa chakula cha mchana kiwandani, akachapisha kwenye saiba, duka la kompyuta, na karatasi zikaanza kupanda ngazi. Zilipanda ploti kwa ploti. Shamso alizibeba baina ya mashuka, na wanunuzi wake wakatia sahihi kabla hajawapunguzia bei. Wasiojua kuandika walipaka kidole wino, kisha wakakipangusa kwenye pazia la biashara, Shamso akapiga ukelele mpaka njiwa wa Pipeline wakahamia Donholm.

Karatasi zikapelekwa mjini. Zikarudi.

Everline alizileta langoni kwa hasira. "Wanasema ombi halina idadi. Hebu ona, Mzee. Niliweka mahali pa kujaza: una watoto wangapi wanaongoja langoni. Ona watu walichojaza!"

Shamso akachukua karatasi, akasoma kwa sauti. "'Wapo.' Huyu ni mtu wa Busia. 'Mungu ametujalia.' Huyu ni Mama Mourine. 'Wa kutosha.' 'Si haba.' 'Mwenye kuwapa anajua.'" Akafika penye jina lake mwenyewe, akaikunja karatasi.

"Soma, Mama Nuradin," Everline akamwambia. "Soma yako."

"'Alhamdulillahi,'" Shamso akasoma.

"Hiyo ni namba?"

"Na wewe uliandika nini, Mama Triza, fundi wa maombi?"

Everline akageuza uso. Aliandika "Triza na wadogo zake." Wadogo ni wangapi, hakusema.

Wakatazamana wote watatu, halafu kicheko kikawashika, kile cha kuumiza mbavu, wakashikilia vyuma vya lango wasianguke. Maana walikuwa wamegundua wanaogopa kitu kimoja. Kwao Mzee, kule Kimilili, mtu hanyooshi kidole akahesabu watoto. Kwa kina Shamso, mtu akikuuliza idadi ya wanao unataja jina la Mungu na kubadilisha maneno, jicho lisije likawapata. Akina mama wa Pipeline walitoka pembe zote za nchi, na kila mmoja alikuja na hofu hiyo imefungwa pamoja na sufuria.

"Lakini mwalimu si anawahesabu kila siku?" Everline alisema huku akipangusa macho.

"Mwalimu anaita majina," Mzee akajibu. "Jina huitwa. Mtoto anaitika, anajulikana yupo. Kuhesabu ni kumfanya awe gunia."

Akawaambia basi kisa cha mama yake. Karani wa sensa alikuja Kimilili, akauliza, mama, una watoto wangapi? Mama akakataa namba. Akasema, kaa, nikutajie. Akataja majina yote polepole, na katikati yao akamtaja Wabwire, ambaye alikuwa amezikwa nyuma ya boma mwaka uliotangulia. Karani akaandika. Hakuna aliyemsahihisha. "Kwa hiyo kwenye vitabu vya serikali," Mzee alisema, "ndugu yangu yuko hai. Ana ndevu sasa. Pengine anadaiwa kodi."

Hawakucheka hapo. Bauza likapita, wakangoja kelele iishe.

"Basi tumeshindwa," Everline akasema. "Kamati inataka namba. Namba hatutoi."

Mzee alikuwa akitazama chini. Watoto wa Pipeline huchezea vifuniko vya soda, na pale langoni vilijaa, vimekanyagwa, vimezama udongoni. Akainama akaokota kimoja, akakifuta kwenye suruali.

"Hiki," alisema, "kinaweza kuhesabiwa. Kifuniko hakina mama."

Hivyo ndivyo ilivyotangazwa. Jumatatu, kila mtoto atakayesimama langoni kabla ya kufunguliwa aje na kifuniko kimoja, akitie kwenye ndoo. Kuanzia Ijumaa Pipeline haikuwa na kifuniko ardhini. Watoto waliviwinda mitaroni, kwenye mahoteli, chini ya vitanda vya wajomba. Walevi walilalamika kwamba mtu akiagiza soda ya kuondoa ulevi, kifuniko hutoweka kabla chupa haijafika mezani. Na Jumatatu, giza lingalipo, Mzee aliweka ndoo kuukuu ya rangi mbele ya lango, upande wa nje, na watoto wakapanga foleni. Ngwa. Ngwa. Ngwa. Hakuhesabu. Alisimulia panya huku ndoo ikilia, na ilipofika wakati wa mwalimu wa zamu, ndoo ilijaa pomoni na vingine vikamwagika.

Everline akaiandikia kamati kwamba idadi imepatikana, nayo ikaitisha kikao, ikataka na shahidi. Everline akamwambia Mzee, "Ni wewe. Sisi wengine humwacha mtoto tukakimbia. Wewe ndiye unayeona kinachofuata."

Wanyoike pia aliitwa, aeleze upande wa shule. Akamfuata Mzee kijumbani, akakaa juu ya debe.

"Mzee, ukienda kule kuzungumza, halmashauri itasikia."

"Najua, mwalimu."

"Sitaweza kukukinga. Sikutishi. Nakuambia kama mwanao."

"Ndiyo, mwanangu," Mzee akasema, na mwalimu mkuu akainamisha kichwa kwa kuitwa hivyo.

Mzee alimpigia simu mkewe, Khalayi, aliyekuwa nyumbani akilinda mahindi na nyumba isiyokamilika.

"Baba Mulongo," Khalayi alisema baada ya kusikiliza yote, "wewe ukifukuzwa huko utakuja kukaa hapa?"

"Nitakuja wapi tena?"

"Mchana kutwa?"

"Mchana kutwa."

Khalayi akaguna. "Basi ongea vizuri huko, wasikufukuze. Mimi nimezoea amani." Halafu sauti ikashuka. "Lakini ongea. Yule mtoto wa chungwa ameniingia kichwani tangu uliponiambia. Ongea, na kama ni kufukuzwa, uje."

Siku ya kikao Mzee alivaa lile koti alilokuja nalo mjini, ambalo mwenyewe hakurudi kulidai. Ndoo ilibebwa na Everline upande huu na Shamso upande ule. Mlangoni askari akauliza ni nini, Shamso akamwambia, "Ni takwimu, fungua." Akafungua.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Alimsikiliza Wanyoike kwanza. Wanyoike alieleza sheria sawasawa, akaeleza kwamba walimu ni wachache na wengine wanatoka mbali. Hakusema uongo hata mmoja. Kisha akaitwa Mzee.

"Wewe umeajiriwa na shule hiyo hiyo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na umekuja kupinga shule yako?"

"Sipingi shule. Mwalimu amesema ya ndani ya lango. Mimi nimekuja na ya nje."

Akayasema. Watu waliojua ulimi wake walingoja panya, walingoja samaki wa kuvuka stegi. Hawakuja. Alisema mama akimwacha mtoto hageuki nyuma, kwa sababu akigeuka hataweza kwenda. Alisema mtoto akisikia baridi huweka mikono kwapani, na akisinzia amesimama magoti humlegea, na yeye hunyoosha mkono kwenye vyuma kumshikilia. Alisema juu ya ukosi wa Triza na jinsi begi lilivyonukia chungwa. "Ufunguo ninao," alisema. "Uko hapa. Kila asubuhi mtoto ananiangalia, halafu anauangalia." Akakaa.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Na idadi?"

Everline na Shamso wakasogeza ndoo. "Kila kifuniko ni mtoto, mheshimiwa. Ni asubuhi moja tu. Nyinyi hesabuni."

"Karani, hesabu," mwenyekiti akasema.

Karani akavuta ndoo. Akachungulia. Akakuna shingo. "Mheshimiwa, vimeshasemwa ni watoto."

"Ni vifuniko."

"Vilikuwa vifuniko. Sasa wameshasema. Na mimi mke wangu yuko karibu kujifungua."

Kikohozi kikapita ukumbini. Mjumbe aliyekuwa kando yake akagundua simu yake ina ujumbe wa haraka. Mwingine akamtazama mwenyekiti. "Usiniangalie mimi," mwenyekiti akasema, "nina wajukuu." Akageuka. "Mwalimu mkuu, wewe kazi yako ni hesabu. Tusaidie."

Wanyoike akaja mbele. Akakunja mikono ya shati, akaimwaga ndoo juu ya meza kubwa. Vifuniko vilienea mpaka kingoni, vyekundu, vya kijani, vya rangi ya chungwa, vingine vimekunjwa kwa meno. Akachukua cha kwanza akakiweka kando, midomo yake ikitaja moja. Akachukua cha pili. Hicho kilikuwa kimefutwa mpaka kikang'aa, na ndani yake mtoto fulani alikuwa amekwangua kwa msumari herufi ya jina lake, ili asije akapotea kati ya wengine. Wanyoike alikishika. Aligeuza kingine, nacho kina herufi. Vingi vilikuwa vimekwanguliwa. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Alisimama pale mkono ukiwa juu ya meza, muda wa mtu kunywa chai yote. Mwishowe akakirudisha kile cha pili mahali pake, polepole, kama anayemlaza mtu.

"Ni wengi, mheshimiwa," alisema. "Andika ni wengi mno."

Karani akaandika.

Kamati ilisema itachunguza. Ilisema itazuru. Hata leo hii haijazuru, na karatasi za Everline ziko ofisi moja zikingoja kuvuka barabara kwenda ofisi nyingine. Everline hupiga simu kila mwisho wa mwezi kuziulizia hali, kama mtu aliye na mgonjwa hospitalini. Halmashauri ya shule nayo iliandika kwamba kazi ya soja itaangaliwa upya mwaka ukiisha. Mzee aliposomewa aliitika tu. Khalayi alipoambiwa akaanza kumtafutia mbuzi wa kuchunga, ili wasikae wakitazamana.

Lakini asubuhi iliyofuata kikao, giza lingalipo, Mzee aliona mwanga wa tochi unakuja barabarani, unakwepa madimbwi. Alikuwa Wanyoike, amevaa koti juu ya koti, chupa ya chai kwapani, uso umevimba kwa usingizi. Akapita katikati ya watoto, akafika langoni.

"Mzee, ni nani yuko zamu?"

"Sijui, mwalimu."

"Ni mimi. Fungua."

Sheria ilikuwa ile ile. Pasipo mwalimu pasiwe na mtoto, na sasa mwalimu alikuwapo. Ufunguo ukaingia. Wanyoike akavuta kiti chini ya paa la darasa la kwanza, akamimina chai, akakaa kama mtu aliyeadhibiwa, na watoto wakamwagika ndani. Amekuja hivyo siku nyingi tangu hapo. Siku asizoweza humtuma mwalimu mwingine, na siku nyingine hakuna anayekuja, vyuma vinabaki vimefungwa na Mzee anarudi kunong'ona.

Lakini asubuhi hiyo ya kwanza hakuna aliyebaki langoni. Waliingia wote mbio, wakimpita. Mzee Nyongesa alisimama kando ya lango lililo wazi, mkono kwenye chuma baridi, akatazama barabara tupu na bauza linalopita bila kumtisha mtu. Aliona furaha, akaona na kitu kingine ambacho hakukipatia jina. Kwa miaka hiyo yote alikuwa amedhani hadithi ni ya watoto.

Nyayo ndogo zikarudi. Alikuwa Triza, begi jipya mgongoni, ananing'inia kwenye mkono wa koti lake.

"Kuka. Alilipa?"

"Nani?"

"Panya! Alilipa kodi ama hakulipa?"

Mzee akatazama huku na huku, kana kwamba landilodi yuko karibu. Kisha akainama na kunong'ona kama kawaida, ingawa hapakuwa na mtoto wa kuwekwa mbali na barabara, na Triza akasogea mpaka sikio lake likagusa ndevu.